Nimeacha Peremende, Nakula Matunda, na Bado Natema Damu

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 43, mhasibu, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima nikitazama kompyuta. Nakuandikia nikiwa nimechoka na, nisikufiche, nimekasirika kidogo. Najiona nimefanya kila kitu nilichoambiwa, na mdomo wangu unazidi kuharibika.

Ilianza kama mwaka mmoja na nusu uliopita. Nilikuwa napiga mswaki asubuhi, nikatema, nikaona povu lina rangi ya waridi. Sikujali. Baadaye ikawa kila siku, na nikiuma kitu kigumu naona alama ya damu pale nilipong'ata. Mwenzangu wa kazini, mtu wa kusoma-soma, akaniambia, "Hicho ni kiseyeye hicho. Huna vitamini C. Kunywa malimau." Nikaona maneno yake yana akili, nikaamua kubadilisha chakula changu chote kwa ajili ya meno.

Peremende, chokoleti na soda nikazipiga marufuku. Mwaka mzima sasa sijagusa. Asubuhi nikiamka, kabla ya kitu chochote, nakunywa maji ya uvuguvugu yenye limau zima na kijiko cha asali. Nikimaliza napiga mswaki palepale ili kuondoa ule ukali. Kazini nina chupa ya lita moja yenye vipande vya limau, naiweka kando ya kompyuta na kunywa funda mojamoja mpaka muda wa kutoka. Njaa ikinibana, kwenye droo yangu kuna kopo la zabibu kavu na tende, nachukua mbili tatu, nafunga, nafungua tena. Usiku, baada ya mswaki, nakula tofaa kitandani, kwa sababu nilisoma kwamba tofaa husafisha meno. Wifi yangu naye kaniletea vidonge vya kalsiamu, nameza kimoja kila siku.

Mswaki napiga mara mbili kwa siku bila kukosa. Nikifika kwenye magego ya chini kulia, pale panapotoka damu sana, napita kwa mbali tu nisije nikachokonoa kidonda.

Matokeo? Damu iko palepale. Na juu ya damu limekuja jingine: meno ya mbele yanatiwa ganzi. Maji ya baridi yakiyagusa nafumba macho. Juzi nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, nikaweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, nikaona kivuli cha ulimi kinapita kwenye ncha za meno, kama vile ni kioo. Niliogopa, daktari.

Mume wangu anacheka. Anasema nilipokuwa nakula peremende meno yalikuwa mazima, kwa hiyo nirudi kwenye peremende tu. Mama yangu ana kisukari, sijui kama hilo lina uhusiano. Na nina mtoto wa miaka 7 ambaye naye nimemhamishia kwenye juisi ya matunda halisi na zabibu kavu badala ya pipi. Sasa nimeanza kujiuliza kama na yeye namharibu.

Naomba uniambie waziwazi: chakula gani kinajenga fizi, na kipi kinajenga meno? Maana vya kwenye orodha zote nilizosoma nimeshavila.

Ni mimi, Mtema Waridi.

* * *

Marahaba, dada.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona limau. Mara ya pili nikaona sentensi fupi uliyoipitisha haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake: kwamba ukifika kwenye magego ya chini kulia unapita kwa mbali. Nianze hapo, halafu nije kwenye sahani.

Ufizi mzima hautoki damu kwa kuguswa na mswaki laini, kama vile mkono mzima usivyotoka damu kwa kunawa. Wako unatoka kwa sababu umevimba, na umevimba kwa sababu pembeni yake, pale jino linapozama kwenye nyama, kumekaa ukoga. Pitisha ulimi kwenye meno yako kabla ya mswaki wa asubuhi. Ule utelezi unaousikia ndio wenyewe. Si mabaki ya chakula. Ni bakteria walio hai, wamejipanga tabaka juu ya tabaka, na mwili unapeleka damu pale ili kupambana nao. Unapopakwepa, ukoga unanenepa, uvimbe unaongezeka, damu inazidi, na wewe unazidi kupakwepa. Ule uliouita kuchokonoa kidonda ndiyo tiba yenyewe, alimradi nyuzi za mswaki ziwe laini na mkono wako uwe mwepesi.

Mwaka 1965 nchini Denmark, Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa wamevimba fizi. Wakarudishiwa miswaki, na katika muda wa kama wiki moja fizi zikatulia. Hakuna aliyebadilishiwa chakula.

Sasa huyo mwenzako wa kazini. Hakusema uongo, alisema ukweli wa mtu mwingine. Kiseyeye kipo, na fizi za mgonjwa wa kiseyeye huvimba, huwa laini kama sifongo na hutoka damu, meno yakalegea. Mwaka 1747 tabibu wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 waliougua wawili wawili, akawapa dawa sita tofauti, kuanzia siki hadi maji ya bahari. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka upesi kuliko wengine. Sababu tunaijua leo: bila vitamini C mwili haushoni vizuri kolajeni, ule uzi wa protini unaoshikilia nyama ya ufizi na kulifunga jino kwenye taya. Lakini mabaharia wale walikuwa wamekaa majini wiki kadhaa bila tunda wala mboga mbichi. Wewe unakula matunda kila siku. Chungwa moja lina kama miligramu 70 za vitamini C, na mwanamke mzima anahitaji kama 75. Pera moja linazidi hapo. Ukishajaza kibaba, unachoongeza hutoka na mkojo. Kwa hiyo kula chungwa lako au pera lako, litafune, limeze, basi. Hakuna fizi itakayopona haraka zaidi kwa sababu umelowekea limau kutwa.

Tukae kidogo kwenye hiyo chupa, maana hapo ndipo meno yako ya mbele yalipoumia.

Gamba jeupe la nje la jino, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Karibu asilimia 96 yake ni madini, zaidi kalsiamu na fosfeti. Ugumu huo una adui mmoja, asidi. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH: maji matupu yako kwenye 7, na namba ikishuka ukali unapanda. Mdomo ukishuka chini ya kama 5.5, enameli inaanza kupoteza madini yake. Maji ya limau yenyewe yako karibu na 2. Ukiyazimua kwenye lita moja ya maji yanapungua ukali, lakini bado yako chini sana ya mstari.

Kuna ukuta mmoja tu kati ya asidi hiyo na jino lako: mate. Watu huyadharau, na mimi kama ningeweza kuyajengea sanamu ningeyajengea. Mate huzimua asidi, huisafisha, halafu yakishatulia hurudisha juu ya enameli kalsiamu na fosfeti iliyopotea. Ni fundi anayeziba nyufa kila siku bila malipo. Anataka kitu kimoja tu, muda. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, Robert Stephan, alipima asidi kwenye ukoga baada ya watu kusukutua kwa sukari. Ndani ya dakika chache pH ilianguka, na ilichukua nusu saa hadi saa nzima kupanda tena hadi ilipokuwa.

Nilichukua karatasi nikachora siku yako. Saa kumi na mbili asubuhi limau na asali. Kutoka saa mbili hadi saa kumi jioni, chupa, funda kwa funda, na katikati yake kopo linafunguliwa na kufungwa. Saa nne usiku tofaa, kitandani, baada ya mswaki. Kila funda nililitia nusu saa ya asidi. Unajua nilibakiwa na nini cheupe kwenye karatasi? Kipande kidogo kabla ya kazi, na jioni kati ya kutoka kazini na tofaa, ukiondoa mlo. Hapo tu ndipo fundi wako alipopata nafasi ya kushika mwiko. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu hapa ni ncha za meno yako. Ule uangavu uliouona kwenye kioo ni enameli iliyokonda. Ile ganzi inatokea pale baridi inapofika kwenye sehemu ya ndani, ambayo ina vijishimo vidogo mno vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu.

Na ule mswaki wa palepale baada ya limau uuache leo hii. Asidi ikishapita, uso wa enameli unakuwa umelainika kwa muda, nawe unakuja na nyuzi na dawa ya meno kuukwangua. Piga mswaki kabla ya kifungua kinywa, au subiri angalau nusu saa baada ya kitu chochote kikali. Kama ukali unakukera, sukutua kwa maji matupu.

Kuhusu kopo la droo, mumeo anacheka lakini hayuko mbali sana na ukweli kama anavyodhani yeye mwenyewe. Zabibu kavu na tende ni chakula kizuri, vina nyuzinyuzi na madini, ila zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na hunata kwenye mifereji ya magego. Asali nayo, kwa ukoga, ni sukari tu yenye jina zuri. Kama asilimia 80 ya asali ni sukari. Bakteria anayeitwa Streptococcus mutans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924, haulizi kama imetoka kwa nyuki au kiwandani. Anaila, anatoa asidi, kwisha. Ulichofanya ni kuhamisha sukari kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na kuigawa vipande vidogo vidogo vya siku nzima.

Huko kugawa ndiko kunakoua. Tunajua hivyo kutokana na utafiti mmoja ambao siutaji bila kuona aibu kwa niaba ya fani yangu. Kuanzia miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuwa na sauti ya kukataa walilishwa sukari kwa makusudi, wengine tofi za kunata, ili ionekane meno yao yataozaje. Yaliharibika vibaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954: sukari iliyoliwa pamoja na mlo ilileta madhara madogo, na ileile ya kunata, ikiliwa kati ya mlo na mlo, ilileta maangamizi. Deni letu kwa watu wale angalau ni kulizingatia walilotufundisha bila kutaka. Mimi mwenyewe nilichelewa. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa namumunya pipi za mnanaa darasani nisisinzie, moja baada ya nyingine, huku nikiandika maelezo ya somo hilohilo. Gego langu la juu kushoto lina zibo la tangu siku hizo.

Basi zabibu zako kula, mkupuo mmoja, mwishoni mwa chakula cha mchana. Mate yanakuwa yamejaa tayari na mlango wa asidi umeshafunguliwa. Ni afadhali vyote vipite kwa pamoja, kisha mlango ufungwe kwa saa tatu au nne.

Sasa swali lako: kipi kinajenga fizi, kipi kinajenga meno.

Enameli, dada, haijengwi tena. Chembe zilizoitengeneza hufa jino linapochomoza, kwa hiyo hakuna chakula cha kuotesha ile iliyokwanguka. Kinachowezekana ni kuimarisha iliyobaki kwa kuuacha mdomo uwe na madini ya kutosha pale mate yanapofanya kazi. Ndiyo maana chakula ninachokipenda kuliko vyote kwa meno ni jibini gumu. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mwishoni mwa mlo. Kina sukari kidogo sana, kukitafuna huita mate, na huacha kalsiamu, fosfeti na protini ya maziwa juu ya meno. Nikiwa na wageni wanaopenda kitu kitamu baada ya chakula, mimi humalizia na jibini, wao huniona nina maringo. Maziwa matupu na mtindi usiotiwa sukari vinafuata kwa karibu. Wa matunda, ule wa kwenye vikopo vya rangi, soma kibandiko kabla hujaufurahia.

Kama tumbo lako halielewani na maziwa, usihuzunike. Ufuta, lozi, mboga za majani za jamii ya kabichi, samaki wadogo wanaotafunwa na miiba yake, vyote vina kalsiamu. Spinachi inayo pia, lakini imefungwa na kitu kinachoizuia isichukuliwe na mwili kwa urahisi, kwa hiyo isiwe tegemeo lako la pekee.

Fizi ni nyama, na nyama hujengwa kama nyama nyingine yoyote mwilini: mayai, samaki, maharage, dengu, kuku, pamoja na hiyo vitamini C ya kushonea. Chini ya fizi kuna mfupa wa taya unaoshika mizizi ya meno. Huo uko hai, unabomolewa na kujengwa kila siku, na unahitaji kalsiamu pamoja na vitamini D ya kuiingiza. Vitamini D unaipata kwenye jua, samaki wenye mafuta na kiini cha yai. Mtu anayekaa ndani mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni namwambia atoke nje kidogo, hata kama hakuniuliza.

Vidonge vya wifi yako havigusi enameli kabisa. Vinapita tumboni, na enameli haina mshipa wa damu wa kuvipokea. Mfupa ndio unaoweza kufaidika, kama chakula chako kina upungufu. Mtu mzima wa umri wako anahitaji kama miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, na bilauri moja ya maziwa ina kama 300. Piga hesabu, wewe mhasibu. Kama chakula kinakutosha, mshukuru wifi na umwombe asinunue vingine. Kama hakitoshi, zungumza na daktari wako kabla ya kuendelea.

Tofaa halisafishi meno. Kulitafuna kunaita mate, na hilo ni zuri, sawa na karoti au tango, lakini halifiki kwenye mstari wa ufizi ambako ukoga unalala, na lina sukari na asidi yake. Lile kabla ya mlo wa jioni sina ugomvi nalo. Lile la kitandani baada ya mswaki ndilo baya kuliko yote uliyoniandikia, maana ukilala mate hukauka karibu kabisa. Unamwachia mwizi nyumba na mlinzi umemruhusu aende zake. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu.

Chai isiyo na sukari inaruhusiwa kati ya mlo na mlo. Ina floraidi kidogo ya asili, madini yanayoimarisha enameli. Itakuachia madoa, lakini madoa si ugonjwa. Ukijisikia mdomo mkavu, chingamu isiyo na sukari, hasa yenye zailitoli, kitamu mbadala wa sukari, husaidia kuita mate. Usiiache mbwa akaipata, zailitoli ni sumu kwake.

Mtoto wako hujamharibu, ila mbadilishie kabla hujamaliza wiki. Chupa ya shule iwe na maji. Juisi, hata uliyoikamua mwenyewe, Shirika la Afya Duniani linaiweka kundi moja na asali na sukari ya mezani. Mwongozo wake wa mwaka 2015 unataka sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na ikiwezekana isifike asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko 6 vya chai kwa siku. Mpe tunda zima alitafune. Pipi usimkataze kabisa akaja kuzila kwa kujificha. Waswidi baada ya Vipeholm walijenga desturi ya kuwapa watoto pipi Jumamosi tu, na mimi sijaona mpango bora zaidi. Miaka 7 ndipo magego ya kwanza ya ukubwani yanapokuwa yametoka muda si mrefu, nyuma kabisa, na wazazi wengi hudhani ni ya utoto. Mtazame kwa tochi, na usimwachie mswaki wa usiku peke yake.

Uliuliza kuhusu kisukari cha mama yako kama vile unaomba radhi kwa kuuliza. Lina uhusiano. Sukari ya damu ikiwa juu, fizi huvimba kwa urahisi na hupona kwa shida; nazo fizi zilizovimba hufanya sukari iwe ngumu kushikika. Una miaka 43 na mama ana kisukari: kapime, ni tone la damu. Na kama unatumia dawa yoyote, ya presha, ya kifafa, ya kuzuia damu kuganda, mtajie daktari wa meno, kwa sababu zipo zinazokuza fizi au kuzifanya zitoke damu.

Kazi ya nyumbani ni hii. Nunua mswaki wenye nyuzi laini. Dawa ya meno iwe na floraidi, kipimo kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani sehemu kwa milioni. Kimeandikwa pembeni ya tyubu kwa herufi ndogo. Simama mbele ya kile kioo cha bafuni, uanze na magego ya chini kulia ukiwa bado una subira. Laza mswaki nusu juu ya jino nusu juu ya ufizi, uutikise kwa mizunguko midogo kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya glasi, dakika mbili mdomo mzima. Ukimaliza tema povu, usisukutue. Acha floraidi ibaki. Mara moja kwa siku pitisha uzi wa meno katikati. Siku nne tano za kwanza damu inaweza kuzidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Usiache. Tazama ufizi wenyewe: uliovimba unang'aa, na ukingo wake umejaa kama mdomo wa mtoto aliyenuna, unaopona unarudi kuwa mwembamba, umeshika jino kama kola ya shati. Rangi isikusumbue, wengine fizi zao ni za waridi, wengine za kahawia au nyeusi tangu kuzaliwa.

Lakini nenda kwa daktari wa meno hata hivyo, na usingoje ili uone. Mwaka na nusu ni muda mrefu. Ukoga wako mwingine utakuwa umeshaganda kuwa jiwe, na jiwe halitolewi kwa mswaki wala kwa jibini. Autazame pia ule mfupa wa taya kama umeshuka, na azitazame zile ncha za mbele. Jino likianza kucheza, usaha ukitoka au uso ukivimba, usingoje zamu yako.

Chupa yako usiitupe. Ioshe, ijaze maji matupu, irudi pale pale kando ya kompyuta. Limau likamulie juu ya samaki wa mchana.